Mkono wa Kushoto Kwenye Mreteni

Nimekabidhi ufunguo wa bustani, na Masika aliyeupokea akanipa daftari. "Papa Kasereka," aliniambia, "andika byote unajua, kiisha unaweza lala." Sikujua kama alimaanisha kulala usingizi au kulala kule kwingine, na sikumwuliza. Basi naandika, kwa ajili yake na kwa ajili ya wote watakaoshika mkasi baada yake. Naandika Kiswahili cha shule, kile nilichofundishwa na masista, kwa sababu chetu cha mtaani hakitulii kwenye mistari. Lakini watu wakizungumza nitawaacha wazungumze wanavyozungumza.

Mshahara sitausema. Ulikuja, ukapita. Wala sitaeleza nilivyopanda cheo mpaka nikawa mkuu wa bustani, maana kwa miaka mingi nilikuwa mkuu wa mtu mmoja, naye ni mimi.

Nilifika kwa Mama Kyakimwa, hapa Kimemi, mjini Butembo, nikitoka kwenye vitalu vya kinkina, mti wa dawa ya malaria, kule Lubero. Mama alikuwa mjane, mfanyabiashara wa vitenge, na alitaka mtu wa kukata ua wa seprese uliozunguka nyumba yake. Nilikuja na mkasi wangu mkubwa wa kukatia ua, nimeunoa mpaka unanyoa ndevu. Kabla jua halijafika kichwani ua ulikuwa umenyooka kama ukuta. Nikatafuta kazi nyingine, kwani siku ya kwanza mtu hataki kuonekana amekaa. Karibu na tangi la maji kulikuwa na meza ya saruji, na juu yake vyungu kumi na viwili. Ndani ya kila chungu kulikuwa na mti mfupi usiofika gotini, wenye majani ya kubana, na vichipukizi vimetokeza huku na huku. Nilidhani ni miche iliyosahauliwa. Nikainyoa yote mviringo, kama vichwa vya wanafunzi siku ya kufungua shule. Nilijipongeza sana.

Baada ya wiki mbili ncha zote zikawa na rangi ya kutu. Ndipo mwenye miti akarudi safari. Alikuwa Muhindo, mtoto pekee wa Mama, kijana niliyemzidi umri karibu mara mbili. Alizunguka meza mara tatu.

"Papa Kasereka, ni weye ulinyoa batoto yangu?"

"Njo miye, Patron."

"Ulibanyoa muzuri. Donc sasa utabaki nabo mpaka bapone."

Hivyo ndivyo nilivyompata mwalimu wangu. Wengine hufundishwa na wazee, mimi nilifundishwa na kijana aliyekuwa akinipigia mluzi. Muhindo alikaa miaka mitatu kusini mwa China akimnunulia mama yake vitambaa, akapanga chumba kwa mzee mmoja aliyefuga miti hii, iliyofupishwa makusudi ndani ya vyungu, juu ya paa. Vitambaa alivijua kiasi. Miti aliijua sana. Aliporudi alificha vipandikizi kumi na kimoja ndani ya soksi zilizolowa maji, katikati ya mabunda ya vitenge, na forodhani hakuna aliyeuliza habari za soksi. Mti wa kumi na mbili ulikuwa mkubwa, mzee, na aliubeba mapajani safari nzima. Sote tuliuita Mukubwa.

Kitabuni mti huu unaitwa mreteni. Muhindo aliuita kwa Kifaransa, genévrier, na majirani waliuita muti ya Noeli. Mukubwa ulikuwa na shina nene kama kifundo cha mkono. Upande mmoja wa shina ulikuwa mti mkavu, mweupe kama mfupa, uliokufa kabla mimi sijazaliwa. Upande wa pili ulipanda mshipa mmoja wa gamba jekundu, upana wa vidole viwili, na mshipa huo ndio uliolisha majani yote. Asubuhi, ukungu wa Butembo unaposhuka mpaka kwenye mabati, ulikuwa huoni kitu bustanini ila ule weupe. Kahindo mpishi hakukubali kuupa mgongo. Alipokuja kuchota maji kwenye tangi alirudi kinyumenyume na ndoo yake, nami nilimcheka, wakati ule.

Sasa sikia, Masika, maana hapa ndipo wengi huharibu. Ukikata kahawa mpaka kisiki, itachipua. Parachichi vivyo hivyo. Mreteni hapana. Nguvu yake haiko kwenye mizizi, iko kwenye kijani chake. Majani ndiyo tumbo, majani ndiyo ghala. Tawi ukiliacha bila kijani hata kidogo, limekwisha, na sala haitalirudisha. Na ukikata katikati ya majani, kama nilivyofanya mimi, kila ncha uliyoigusa itaungua. Unachofanya ni hiki: unashika chipukizi lililorefuka, unalifuata kwa vidole kurudi nyuma mpaka pale linapogawanyika, na hapo ndani unakata, ukiliacha lile dogo lirithi nafasi. Unaondoa vinavyoning'inia chini ya tawi na vilivyoota kwapani, ili mwanga uingie. Halafu unaweka mkasi chini, na hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Muhindo alikuwa akinipiga kofi dogo la mkono nikitaka kuongeza. "Hapana kata majani, Papa. Kata njia yake. Muti itajua penye itaenda."

Vilevile, mwaka wa udongo uwe wa udongo tu. Ukipogoa kwa nguvu, usibadilishe udongo. Ukibadilisha udongo, usifunge waya. Waya tulikuwa tukinunua kwa mafundi wanaosuka upya mota zilizoungua, shaba laini, na matawi machanga tuliyakunja polepole. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, ingawa wanawake wa Kyavinyonge, kule ziwani, waliotuletea samaki hawakuwahi kumkunja hata mmoja. Walituletea wakavu, wamenyooka kama rula. Mkasi wa Muhindo ulikuwa mwembamba, wa kutoka kwa yule mzee wa paa. Wangu ulikuwa mkasi mdogo wa fundi cherehani wa kukatia nyuzi, na haukuniaibisha.

Tena, mti ukionewa, unarudi utotoni. Mreteni mzima una majani ya magamba, laini, unaweza kuyapitisha shavuni. Ukiukata kupita kiasi unatoa sindano, zile ulizokuwa nazo ulipokuwa mche, kali za kutoboa ngozi. Ni woga wake. Ukiona sindano, weka mkasi mfukoni mwaka mzima na ujiulize umefanya nini.

Jambo la mwisho kuhusu mwalimu wangu: alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Mimi nikikata, kidonda hulalia upande mmoja. Yeye akikata, kililalia upande mwingine. Ningeweza kupita mezani nimesinzia nikakwambia lipi lake na lipi langu.

Miaka ikaenda. Muhindo aliongeza biashara ya kakao na kila baada ya wiki mbili aliteremka Beni kununua. Sote tulijua barabara zile zina nini, lakini kakao haiji Butembo kwa miguu yake. Wiki ya mwisho alikaa siku tatu akiutengeneza Mukubwa. Alipunguza theluthi nzima ya kijani, akafunga waya kila tawi, akauweka umbo jipya, zuri kupita yote niliyoyaona. Kisha akanawa mikono.

"Papa Kasereka, huyu sasa ametoka ku opération. Mwaka muzima hapana mukasi. Maji na kivuli, basi. Hata miye mwenyewe nikisema tukate, unikatalie."

"Na ukilia je?"

"Hata nikilia."

Jumanne akaondoka. Gari lake lilikutwa kwenye njia ya kakao ng'ambo ya Beni, milango wazi, gunia moja bado limening'inia kwenye mizani. Dereva alikutwa majanini, amekufa. Muhindo hakukutwa. Watu wa porini, wale waasi, huua, na huchukua pia watu wa kubeba mizigo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kutuambia tulie au tungoje. Mama alikaa Beni wiki tatu akifunua shuka moja moja kwenye chumba cha maiti. Alirudi mikono mitupu, macho makavu, akaingia chumbani kwa mwanawe na kukaa juu ya kitanda.

Baba mdogo wa Muhindo, Mzee Paluku, alikuja kutoka kijijini Masereka. Ni mkulima wa viazi na poireaux, vile vitunguu vya majani, mtu mwema, ila aliogopa maiti asiyezikwa kuliko mia waliozikwa. Alikaa sebuleni, kofia magotini, akasema yale wazee wake waliyofanya mtu alipopotea: hukatwa mgomba wa urefu wake, huvikwa nguo zake, watu hulia matanga, huzikwa, na wafiwa hunyolewa. Baada ya hapo chumba hufunguliwa na vitu hugawanywa.

"Mutu hana kaburi anazunguka, Mama Muhindo. Atakuya kuuliza ku nani? Kwetu."

"Mutapima mutoto yangu na mugomba?" Mama alisema. "Hapana. Muhindo hajakufa. Muti yake iko mubichi."

Ndipo mti ule ulipopewa kazi ambayo mti haupewi. Mzee Paluku alimpa Mama muda mpaka mavuno ya maharagwe. Kama hakuna habari, mgomba utazikwa, atake asitake.

Mwezi haukupita. Asubuhi moja nilikuta juu ya udongo wa Mukubwa kijitawi kimoja, kibichi, harufu yake kali bado inapanda. Niliinama kutafuta kidonda. Kilikuwa ndani kabisa, pale tawi linapogawanyika, na kililalia upande wa Muhindo.

Geti lilikuwa limefungwa. Mlinzi aliapa kwa jina la mama yake kwamba hakuingia hata paka. Mimi sikuwa nimegusa mti ule, nilikuwa nimeahidi. Nilikitia kijitawi mfukoni nikanyamaza. Wiki iliyofuata vikawa viwili. Kisha vitatu. Vya kwanza vilikatwa kwa kusitasita, gamba limechanika kidogo, lakini vya baadaye vilikuwa safi, na vyote vililalia kushoto. Kahindo alipoviona alivua aproni, akaitundika kwenye msumari, akaenda kwao bila kuaga. Sikumcheka tena.

Nakiri niliogopa. Nilikuwa nikimwagilia maji nikiwa nimesimama ubavu, jicho moja kwenye ua. Ukungu ukishuka nilisikia kama mtu anapumua upande wa pili wa meza, nikajua ni mimi, na bado niliondoka. Kuna asubuhi nilisema kwa sauti, "Patron, ulisema hapana mukasi." Hakuna aliyenijibu, nikamshukuru Mungu.

Maharagwe yalivunwa. Mzee Paluku akaja na wanaume watatu wa ukoo, na kwenye gari lao, chini ya blanketi la kijivu, kulikuwa na kitu kirefu kimelala. Ulikuwa mgomba. Walikuwa wameshaukata, kwa urefu wa Muhindo. Mama alisimama mlangoni, hakulia wala hakupiga kelele.

"Mbele ya kushusha ile kintu," alisema, "muulize Kasereka. Yeye njo anajua miti. Aseme ni nani anakata muti ya mutoto yangu."

Wakanifuata mezani. Mzee Paluku alivaa miwani yake, akaviangalia vidonda bila kuelewa chochote, kisha akaniangalia mimi. Nilijua neno langu litaushusha mgomba au kuurudisha.

"Hii si mukasi yangu, Mzee," nilisema. "Hii ni mukono ya kushoto."

"Ya Muhindo?"

"Ni mukono ya kushoto. Miye sijue nyingine mu hii nyumba."

Alivua miwani, akafanya ishara ya msalaba. "Ee Nyamuhanga," alimwita Mungu wa wazee kwa sauti ndogo. Waliondoka bila kunywa hata chai, mgomba bado chini ya blanketi. Nilisikia baadaye kwamba mgomba waliwapa mbuzi. Mama alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na mimi nilijiona mtu mkubwa, nami sikuwa nimesema ila nilichokiona.

Lakini kazi ni kazi. Niliporudi mezani bila hofu ya wageni, niliuangalia Mukubwa kwa jicho la fundi. Mti uliotoka kukatwa theluthi nzima ulikuwa umekatwa tena, kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Matawi ya chini yalibaki na kijani cha kujaza kiganja. Na karibu na shina, mahali palipokuwa na magamba laini, zilikuwa zimetoka sindano. Yeyote aliyekuwa akiukata, hai au maiti, alikuwa akiumaliza. Nilijiambia kwamba Muhindo asingefanya hivi hata akiwa mzimu. Wazo hilo lilinipa ujasiri wa kumtafuta mwenye mkasi.

Vijitawi nilikuwa nikivikuta siku za Jumatatu. Jumapili nyumba nzima huenda misa ya kwanza, na mlinzi huenda misa ya pili; yeye hukaa getini na hageuki, labda anuse chakula. Basi Jumapili hiyo niliondoka na wengine, nikatoka kanisani kabla ya mahubiri, nikarudi kwa njia ya nyuma. Ukungu ulikuwa mzito. Niliona kwanza ule weupe wa shina, kisha nikaona sweta la Muhindo, la kijani lenye mstari kifuani. Lilikuwa limeinama juu ya mti. Nilishika tangi la maji.

Sweta lilikuwa kubwa kwa aliyelivaa. Mkono wa kushoto ulishika mkasi mwembamba wa yule mzee wa paa. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa mgongoni kwa kipande cha kitenge, fundo limekazwa, ili usije ukasaidia. Alikuwa Mama Kyakimwa. Nilikuwa nimedhani yuko kanisani, benchi la mbele, kumbe hakutoka nyumbani.

Hakushtuka aliponiona.

"Hapana semea mutu," alisema.

"Mama, juu ya nini?"

"Baliniomba alama. Minabapa alama." Kisha akaangalia ule mkono wake wa kushoto. "Mwanzo nilifanya juu ya Paluku tu. Mais sasa, Kasereka, wakati minakata, haiko miye. Mukono inajua penye inaenda. Minasikia vile anapumua."

Nilitaka kukaa chini. Nilitaka pia kumwachia mkono huo, maana ndicho pekee alichobaki nacho cha mwanawe. Lakini niliona kijani kilichobaki, nikasema.

"Mama, muti hii nguvu yake iko mu majani. Kila mara munakata kusema mutoto iko muzima, munatoa uzima ya muti. Muhindo aliniambia mwaka muzima hapana mukasi. Hata yeye akilia, nikatale."

Kengele ya kanisa ilipiga. Akanyoosha mkasi, mpini mbele kama mtu mwenye adabu, akanipa. Kisha akageuka ili nimfungue lile fundo. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba na baridi. Niliusugua mpaka ukapata rangi.

Tangu siku hiyo nilifanya yote anayoweza kufanya fundi. Nilihamishia Mukubwa kwenye kivuli cha ukuta, nikaufunga usitikiswe na upepo, nikaunyunyizia maji majani asubuhi na alasiri. Mbolea sikuupa. Ukumbuke hilo: mti mgonjwa haulishwi, uache upate njaa kwanza. Kila wiki nilikwangua gamba kidogo kwa ukucha, pahali padogo kama punje ya mtama, kuangalia chini yake. Kulikuwa na unyevu, na kijani kama cha tango. Nikatumaini.

Alhamisi moja nilikwangua, na chini ya gamba palikuwa pa hudhurungi. Nilikwangua juu zaidi, kisha chini kabisa. Pakavu kote, kama tumbaku. Mshipa ule mmoja ulikuwa umekufa. Nilinyanyua macho nikaona majani, na majani yalikuwa kijani kibichi.

Hili Muhindo hakuwahi kunifundisha. Nililijua kwa mmoja wa midogo, niliouzamisha maji mwaka wa pili. Mreteni haufi kama miti mingine. Mgomba ukifa unalala, kahawa ikifa inapukutisha. Mreteni unakufa na kubaki kijani, wiki nane, wakati mwingine zaidi, kwa sababu majani yake hayana habari. Ukiupita hujui. Unaweza kumwagilia maiti maji miezi miwili ukimsifu kwamba leo ana afya.

Nami ndivyo nilivyofanya. Sikumwambia Mama. Nilitaka kumwambia Ijumaa, nikasema Jumapili, na baada ya hapo ilikuwa tayari uongo. Kila asubuhi niliunyunyizia Mukubwa, na maji yaliteleza juu ya majani bila kuingia popote. Kila asubuhi Mama alikuja, akagusa ncha moja kwa kidole, akasema, "Iko mubichi," nami nikajibu, "Iko mubichi, Mama." Niliona mkono wangu umeshika ndoo nikaona kama si wangu.

Habari zilikuwa zimetembea mjini. Watu walianza kuja kuutazama mti wa mtoto aliyepotea. Walisimama mbali, wakanong'ona, wakaenda. Siku moja mama mmoja alipanda kutoka Beni kwa pikipiki, na picha ya mume wake, aliyechukuliwa shambani. Aliiweka picha kwenye ukingo wa chungu, akaniomba nimkatie kijitawi akipeleke kwao, kimlindie mume.

"Hapana kata, Mama," nilimwambia. "Itauma muti."

Alinishukuru, "wasingya, Papa," akarudi zake. Nilienda nyuma ya tangi nikalia. Mficha maradhi, kilio humfichua, lakini kilio changu hakikufichua kitu, kwa sababu maji yalikuwa yakivuja pale siku zote.

Wiki ya saba tangu Alhamisi ile, Mama alikuja akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakugusa mti. Alifungua kitambaa cha kichwa, akakikunja mara nne, akakiweka magotini. Alikuwa amenyoa kichwa chote. Juu ya sikio palikuwa na mkwaruzo wa wembe.

"Ni nani alikunyoa, Mama?"

"Miye mwenyewe." Akalainisha kitambaa magotini. "Muti ilikufa siku gani?"

Niliutazama Mukubwa. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya majani kwa matone madogo madogo, na yalikuwa kijani, kijani kabisa.

"Mama, mbona iko mubichi."

"Kasereka. Minauzisha bitambaa tangu ningali binti. Minajua rangi yenye inakaa, na rangi yenye inaenda. Hii imeanza kuenda zamani. Weye ulikuwa unangoja miye, na miye nilikuwa ninangoja weye." Hakuwa na hasira. Ningefurahi angekuwa nayo. "Padri anauliza misa itakuwa siku gani. Kila mwaka, siku gani? Sina siku. Banawake bengine bote bako na siku. Niambie."

"Mama, muti ni muti. Haijue mambo ya Muhindo."

"Minajua. Niambie tu."

Nikamwambia. Ni Alhamisi ile iliyonyesha mvua ya mawe mchana.

"Asubuyi ao nyuma ya mvua?"

"Asubuyi nilikwangua. Ilikuwa tayari kavu."

"Basi ni asubuyi," alisema, akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa akikidai kwa haki.

Mzee Paluku alileta mgomba mwingine. Walipima, wakauvika suruali na lile sweta la kijani, na matanga yalikaa siku tatu. Tulizika siku ya jua. Bustanini Mukubwa ulikuwa haujabadilika, na watu waliotoka makaburini walipita kuutazama, wakatikisa vichwa, wakasema ajabu ya Mungu, mti unadumu kuliko mwenyewe. Wekundu wa majani yake ulianza siku nane baadaye, kwenye ncha, ukashuka. Ile miti kumi mingine ndiyo hiyo uliyo nayo, Masika, na hakuna hata mmoja niliomwazima mtu kwa kazi isiyo yake.

Msalaba ulichongwa na seremala wa parokia, lakini maandishi walinipa mimi, kwa sababu ya ule mwandiko wa masista. Nilipiga magoti kwenye udongo mpya na brashi ya kidole kimoja. Mama alinishikia kopo la rangi. Niliandika jina la Muhindo, nikaandika siku aliyozaliwa. Kisha mkono ukasimama, nikamwangalia Mama, naye akasogeza kopo karibu, na nikaandika Alhamisi ile.